Gemu bahili

"Kaka, hii gemu yenu bahili."

Aliyesema hivyo ni kijana mmoja aliyekuwa akitujaribia gemu kwenye banda la jirani yangu, Magomeni, pedi ya kuchezea mkononi na jasho puani. Alikuwa amebakiwa na risasi tatu. Alilalamika, akasonya, kisha akaendelea kucheza saa nzima, na wakati wa kuondoka akauliza itakamilika lini.

Kazi yangu ni kupanga uwiano. Naamua sanduku liwe na risasi ngapi, adui afe kwa risasi ngapi, mchezaji akae gizani muda gani kabla hajaoneshwa taa. Ni kazi isiyoonekana: ikienda vizuri hakuna anayeitaja, ikiharibika kila mtu anakuwa fundi. Tangu siku ile neno "bahili" halijanitoka kichwani, kwa sababu nadhani yule kijana alilitaja jambo lenyewe bila kujua. Nazungumzia gemu za bunduki ambazo mwili wako huuoni, unaona mikono na mtutu tu, na hasa zile ambazo dunia imeshapata kiama chake. Gemu hizo zinanoga pale zinapokunyima, mradi tu zijue kunyima.

Mfano ninaourudia kila mara ni Metro 2033, iliyotoka Machi 2010. Waliitengeneza 4A Games wa Kyiv, Ukraine, kutokana na riwaya ya Mrusi Dmitry Glukhovsky. Vita vya nyuklia vimeimaliza Moscow, waliosalia wanaishi kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, na wewe ni Artyom, kijana ambaye hajawahi kujua maisha mengine.

Kwenye mahandaki hayo pesa ni risasi. Ziko za aina mbili. Kuna chafu, zilizotengenezwa humohumo na mafundi wa uchochoroni, na kuna za kijeshi zilizobaki tangu kabla ya vita, zinazong'aa. Za kwanza unapigia, za pili unanunulia. Lakini zote zinaingia kwenye bunduki ileile, na zile za kijeshi zinaua haraka zaidi. Kwa hiyo linapokujia dude lenye meno gizani, na risasi chafu zimekwisha, unabonyeza kitufe cha kujaza na kukishikilia kidogo, na Artyom anachomeka akiba yako kwenye bunduki. Kila mlio unaousikia baada ya hapo ni mshahara unaondoka.

Kwa mtu wa kazi yangu huo ni ubunifu wa kuvuliwa kofia. Kwenye gemu nyingi za bunduki risasi ni kama maji ya bomba, unafungua tu. Hapa ni maji ya dumu, uliyonunua, ukayabeba, ukayapandisha ngazi. Hata kunawa mikono unafikiria. Mtengenezaji hakuhitaji kuongeza adui hata mmoja ili utetemeke. Amebadilisha thamani ya kitu kilichokuwa tayari mkononi mwako. Ukifika kwenye soko la stesheni unasimama mbele ya muuza bunduki ukipiga hesabu kama mama aliyeingia Kariakoo na elfu tano: nichukue hii yenye darubini, au ninunue vichujio vya hewa maana kesho napanda juu? Halafu mtoto ombaomba anakujia, anataka risasi moja. Ukimpa, gemu haikwambii kwa maandishi kwamba umefanya jema. Mwanga unabadilika kidogo, inasikika sauti ya mbali, basi. Kumbe kuna daftari mahali linaandikwa, na mwisho wa hadithi unategemea daftari hilo.

Jambo la pili ni mikono. Gemu hizi zinatuonesha mikono muda wote, lakini nyingi haziipi kazi nyingine zaidi ya kushika bunduki. Katika Metro tochi ya kichwani inafifia, unatoa mashine ndogo ya kukamua, unakamua, mshale wa geji unapanda na mwanga unarudi. Sisi tuliokua tukianika betri za redio juani ili ziongeze siku mbili hatuhitaji kueleweshwa hapo. Kuna bunduki inaitwa Tikhar, haina baruti kabisa. Unaipampu kama tairi la baiskeli, unaangalia presha, na inarusha gololi, zile za chuma za kwenye beringi. Sasa jiweke handakini, mnyama anakuja, na wewe unapampu. Ukiacha mapema, gololi inatoka na nguvu ya manati. Ukiendelea, anafika.

Ukitoka juu ya ardhi hewa ni sumu, kwa hiyo unavaa kinyago cha gesi, na kichujio chake kina muda. Muda huo unauona kwenye saa ya mkononi mwa Artyom. Pumzi inapokuwa nzito ujue umechelewa. Ukipigwa usoni kioo cha kinyago kinapata ufa, na ufa huo uko mbele ya macho yako mpaka upate kinyago kingine, mara nyingi kwa kukivua kwenye uso wa maiti. Hata maelekezo ya safari hayako kwenye pembe ya skrini. Yameandikwa kwenye kibao, unakiinua, na kama ni gizani unawasha kiberiti cha gesi usome. Wakati unasoma hakuna anayekusubiri.

Hapo ndipo ninapoachana na wapenzi wa Fallout 3. Ilitoka Oktoba 2008, kazi ya Bethesda, na kiama chake kimeipata Washington. Ukifungua begi lako katika gemu hiyo dunia yote inaganda. Adui ameinua rungu, limeganda hewani, na wewe unakula, unajidunga dawa, unabadilisha nguo, unarudi mzima. Zaidi ya hapo kuna mfumo wa VATS wa kuusimamisha ugomvi na kuchagua upige mguu au kichwa. Sisemi ni gemu mbaya. Niliicheza mpaka mke wangu akaniuliza kama nimepata viza ya Marekani. Ila utamu wake hauko kwenye bunduki. Uko kwenye kuingia nyumba iliyobomoka na kukuta mifupa ya watu wawili kitandani, wamelala ubavu kwa ubavu, chupa pembeni, na hakuna neno lolote lililoandikwa. Unasimama, unaisoma habari yao kwa macho, unatoka taratibu. Ni burudani ya msomaji wa magofu. Hofu ya mwenye risasi tatu ni kitu kingine, na hofu haivumilii kitufe cha kusimamisha saa.

Wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, na mimi nimeiandika methali hiyo kwenye karatasi juu ya kompyuta yangu. Walioielewa vizuri ni kampuni ya Valve na Left 4 Dead yao ya Novemba 2008, gemu ya watu wanne na jiji zima la vichaa wenye maambukizi. Ndani yake kuna programu waliyoipa cheo cha mwongozaji. Inapima kila mchezaji amebanwa kiasi gani: ameumia mara ngapi, vichaa wangapi wamefia karibu naye. Presha ikifika kileleni inaacha kuleta makundi kwa muda, watu wavute pumzi, kisha inaanza tena. Ndiyo maana njia ileile ukiipita mara mbili haikupi usiku uleule. Vijana wengi wanaoanza kazi hii huogopa kimya, wanadhani mchezaji atachoka, wanamrushia adui kila kona. Mchezaji anachoka kweli, lakini anachoshwa na kelele.

Metro wanafanya hivyo kwa mkono, bila mwongozaji. Unaweza kutembea handakini dakika kadhaa bila kufyatua hata risasi moja, unasikia matone na pumzi yako tu. Na wana maktaba. Humo mna viumbe wakubwa wanaoitwa wakutubi, wanaomeza risasi nyingi kuliko ulizonazo. Namna ya kupona ni kumtazama usoni. Usikimbie, usimpe mgongo, rudi nyuma polepole huku macho yenu yamegandana, mpaka akinai aondoke. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilimaliza kila nilichonacho na nikafa. Mara ya tano nilimtazama. Bunduki ilikuwa mikononi muda wote na nilikuwa nimeisahau. Bado sijaona gemu nyingine ya bunduki iliyonifurahisha kiasi kile kwa kutoitumia bunduki.

Mahali nako kunachangia zaidi ya tunavyokiri. Mahandaki ya Moscow hayakubuniwa. Reli ile ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1935, na ndege za Wajerumani zilipoanza kuupiga mji mwaka 1941 watu walikimbilia kulala humo. Kwa hiyo gemu inaposema watu wamejificha stesheni, haisemi uongo mkubwa, inavuta tu kamba iliyokuwepo. Ndugu yake mkubwa ni S.T.A.L.K.E.R.: Shadow of Chernobyl ya mwaka 2007, nayo ya Kyiv, ya GSC Game World, na baadhi ya walioanzisha 4A walitokea huko. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka tarehe 26 Aprili 1986, mji wa Pripyat ukahamwa, na watengenezaji waliingia eneo lililotengwa wakapiga picha za kujengea gemu. Kutu unayoiona ni kutu ya kweli.

Humo kuna kifaa nikipendacho kuliko bunduki zote: bolti. Bolti ya chuma, ya kawaida. Ardhi imejaa mitego isiyoonekana vizuri, hewa inatetemeka tu kama juu ya lami saa saba mchana. Unarusha bolti mbele. Ikipita salama, unapiga hatua. Ikirushwa juu na kupasuliwa, umejua. Hazihesabiwi, haziishi, na bado ni kitu cha thamani kuliko vyote mfukoni. Sisi wapanga uwiano tunapaswa kuitazama sana bolti ile: walinyima kila kitu kingine, wakatoa bure kile kimoja kinachomfanya mchezaji afikiri. Pia gemu ile ina mfumo unaoitwa A-Life, ambamo wanyama na watu wana safari zao hata wewe ukiwa haupo. Unafika mahali unakuta mizoga na moto unaozimika, ugomvi umeshaisha. Walikuwa na yao.

Lakini ubahili una mpaka wake na dhuluma, na gemu hizi mbili zinauvuka mara kwa mara. Bastola unayoanzia S.T.A.L.K.E.R. inakosa mtu aliye hatua chache mbele yako wakati umemlenga kifuani. Hiyo si hali ngumu, ni kupunjwa kwenye mizani. Metro kwenye kiwango cha kawaida ina askari waliovaa vyuma wanaokula nusu magazini ya risasi huku wanatembea. Kila risasi niliyoinunua kwa shida inapopotea bila sababu ninayoiona, hofu yangu inageuka hasira. Ndiyo maana nawashauri watu waicheze katika kiwango cha Ranger, kilichoongezwa baadaye. Risasi zinakuwa adimu zaidi, ila kila mtu anakufa upesi, wewe na wao. Ni kigumu zaidi na ni cha haki zaidi, na nimeona watu walioshindwa kiwango cha kawaida wakikipenda hiki.

Metro Exodus ya mwaka 2019 iliwatoa watu handakini, ikawapandisha treni kuelekea mashariki, na risasi zikaacha kuwa pesa. Nilinuna. Baada ya wiki nikakubali kwamba ubahili umehamia kwingine: vyuma na kemikali unazookota ndizo zinazotengeneza dawa, vichujio na risasi, na haziwahi kutosha vyote. Hata hivyo nauona mshahara ule ukiondoka kwa mlio, na naukosa.

Sasa kwenye gemu yetu. Tumeondoa namba ya risasi kwenye skrini. Ukitaka kujua unachomoa magazini unaitazama, na kuitazama kunachukua sekunde mbili ambazo unaweza usiwe nazo. Mwanzo nilijaza masanduku, watu wakapiga kila kitu, hata ndege, wakapiga miayo. Nikapunguza sana, wakaacha kupiga kabisa na kutembea ukutani kama panya. Ninapapasa katikati.

Yule kijana alirudi wiki iliyopita. Alimaliza leveli akiwa na zile risasi tatu, hakuzigusa. Nikamuuliza alikuwa anamwekea nani.

"Nilijua kuna bosi mwishoni."

Nikamwambia hakuna bosi, yaani lile adui kubwa la mwisho; leveli ndiyo imeisha hivyo. Akaitazama skrini muda mrefu.

"Kaka, si ungesema? Ningeyapiga yale makopo pale mlangoni."

Sanduku la pili nimelipunguza risasi moja. Anarudi Ijumaa.