Uimarishaji hasi si jina lingine la adhabu

Nimesikia tena, safari hii kutoka kwa mtu aliyekuwa akiwafundisha walimu, kwamba mtoto anayerusha vitabu darasani "apewe uimarishaji hasi kidogo" ili aache. Alikusudia adhabu. Alichosema, kwa maana yake halisi, ni kwamba mtoto huyo asaidiwe kurusha vitabu zaidi.

Uimarishaji hasi hutokea pale ambapo tabia inazidi kujirudia kwa sababu kila inapofanyika, jambo la kuudhi huondoka au hupungua. Mtu aliyemeza dawa akapata nafuu ya kichwa ataimeza tena kichwa kitakapomuuma.

Kinachowapotosha watu ni maneno yenyewe. Kuimarisha ni kukifanya kitu kiwe imara, na hapa kinachoimarishwa ni tabia, si mtoto wala nidhamu yake; kwa hiyo kama tabia haikuongezeka, hakuna kilichoimarishwa, hata kama zawadi zilimwagwa. Neno hasi nalo limetoka kwenye hesabu, likiwa ni alama ya kutoa, wala halihusiani na ile hasi tunayoilalamikia tunaposema "maoni hasi". Chanya ni kuongeza kitu, hasi ni kukiondoa, na wema au ubaya wa kitu hicho haumo katika maneno hayo. Adhabu, neno tulilolipata kutoka Kiarabu likiwa limebeba maana ya mateso, katika taaluma ya uchambuzi wa tabia ni tukio lolote linaloifuata tabia na kuipunguza. Nayo ina chanya na hasi zake: mtoto akinyang'anywa kitu anachokipenda na tabia ikapungua, hiyo ni adhabu hasi.

Sina budi kukiri kwamba mkanganyiko huu una wazee wake. B. F. Skinner mwenyewe, mwanasaikolojia aliyeweka misingi ya taaluma hii, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alikiita uimarishaji hasi kile ambacho leo tunakiita adhabu, na kufikia mwaka 1953 alikuwa ameshabadilisha matumizi. Mwaka 1975 Jack Michael, mtaalamu mwingine wa tabia, alipendekeza tuachane kabisa na mgawanyo wa chanya na hasi katika uimarishaji. Hakusikilizwa.

Kosa hili lingekuwa la wanasarufi tu kama lisingeharibu tathmini ya sababu za tabia. Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake walichapisha utafiti wa watu 9 wenye ulemavu wa ukuaji waliokuwa wakijiumiza, ambao waliwekwa katika hali tofauti kwa vipindi vya dakika 15: katika moja, kujiumiza kulileta maneno ya mtu mzima, katika nyingine, kuliondoa kazi waliyokuwa wamepewa, kulikuwa pia na hali ya kuwa peke yao na ya kucheza. Waliporipoti watu 152 mwaka 1994, kundi kubwa kuliko mengine, takriban asilimia 38, lilikuwa la wale waliojiumiza ili kuepuka jambo fulani. Hiyo ndiyo kazi ya uimarishaji hasi, na ndiyo inayomgeuza mtu mzima kuwa mshiriki bila kujua. Mtoto anarusha vitabu wakati wa zoezi gumu, anatolewa nje, zoezi linakwisha. Mwalimu anaamini ametoa adhabu, kumbe ametoa malipo. (Mwalimu naye amelipwa, kwa kupata utulivu, kwa hiyo kesho atamtoa tena.)

Mpango wa kumsaidia mtoto wa namna hiyo hauwezi kuanza na kutolewa nje. Huanza kwa kulipunguza zoezi ugumu na kumfundisha kuomba msaada au mapumziko kwa njia inayokubalika, kama watafiti Carr na Durand walivyowafundisha watoto kuomba msaada mwaka 1985, huku kurusha vitabu kukikoma kuwa tiketi ya kutoka.

Mkufunzi yule angesema tu "adhabu", nasi tungejadiliana kama inafaa. Akipenda kubaki na neno lake, halina ubaya, ila kwanza atazame ni nini kinachoondoka mezani kila vitabu vinaporuka.