Majaribio ya mtandaoni katika hisabati za chuo: jinsi ya kuyapanga mwanafunzi asipite bila kuelewa

Mwanafunzi aliyepata 55 kwa 100 kwenye aljebra huruhusiwa kuingia kalkulasi, na huko anakumbana na zile 45 alizoziacha nyuma. Dhana ya kikomo anaielewa vizuri tu. Kinachomkwamisha ni kujumlisha sehemu zenye herufi kwenye asili, kazi aliyotakiwa kuimaliza muhula uliopita.

Kujifunza kwa umahiri kunageuza mpango huo: kiwango kinabaki palepale, muda ndio unaotofautiana kati ya mwanafunzi na mwanafunzi. Asiyefikia kiwango anarudi kusoma alipokosea, kisha anapimwa tena kwa maswali mengine ya uzito uleule. Wazo lenyewe si geni. Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliandika juu yake mwaka 1968, na mwaka huohuo mwanasaikolojia Fred Keller alieleza mfumo wa kila mwanafunzi kusonga kwa mwendo wake. Kilicholemea madarasa makubwa ni usahihishaji: wanafunzi 200, mada 20, majaribio mawili kwa kila mada, hizo ni karatasi 8,000 kwa muhula, tena za matoleo mbalimbali.

Mzigo huo sasa unabebwa na kompyuta. Moodle (jukwaa la kuendeshea kozi mtandaoni), STACK (programu ya maswali ya hisabati inayofanya kazi ndani ya Moodle), WeBWorK na Numbas (nazo za maswali ya hisabati), zote programu huria, zinaweza kumpa kila mwanafunzi swali lenye namba zake na kulisahihisha papo hapo. Tatizo ni kwamba wahadhiri wengi huweka maswali kumi ya kuchagua, huruhusu majaribio yasiyo na kikomo, halafu huita matokeo umahiri.

Kubahatisha nako kuna hesabu yake

Chukua jaribio la maswali 5 ambapo 4 yanatosha kufaulu, mwanafunzi anaruhusiwa mara tatu, na alama ya juu ndiyo inayobaki. Mwanafunzi anayejua mada nusunusu, kila swali analipata kwa uwezekano wa asilimia 60, atafaulu jaribio moja kwa uwezekano wa asilimia 34 hivi. Mpe mara tatu bila kujifunza chochote katikati, uwezekano wa kufaulu angalau mara moja unapanda hadi asilimia 71. Mfumo utamwandika kuwa ameimudu mada, naye ataamini.

Ongeza maswali yawe 8 na udai 7. Mwanafunzi yuleyule sasa anafaulu jaribio moja kwa asilimia 11, na katika majaribio matatu kwa asilimia 29. Anayeimudu mada kweli, yule anayepata kila swali kwa asilimia 95, haumii sana: jaribio la kwanza tu analifaulu kwa asilimia 94. Maswali matatu ya nyongeza yanagharimu dakika kumi hivi na yanatenganisha watu vizuri kuliko kanuni yoyote ya nidhamu.

Kizingiti kiandikwe kwa idadi ya maswali, asilimia ije baadaye. Ukiweka asilimia 80 kwenye jaribio la maswali 4, matatu ni 75 tu, kwa hiyo umedai yote manne bila kujua. Malalamiko yatafika ofisini wiki ya pili.

Maswali ya kuchagua yana udhaifu wake. Mwenye kubahatisha tupu kwenye machaguo manne atapata angalau 4 kati ya 5 mara moja katika 64, na hilo halitishi. Ila mwanafunzi hata mdhaifu huweza kuondoa machaguo mawili ya ovyo. Hapo uwezekano unakuwa asilimia 19 kwa jaribio moja, na asilimia 65 akipewa majaribio matano. Isitoshe, kwenye milinganyo hana haja ya kutatua: anachukua kila chaguo na kulirudisha kwenye mlinganyo mpaka moja likubali. Ulitaka kupima kutatua, umepima kuhakiki. Ndiyo maana majibu ya kuandika yanafaa zaidi, na kwa hilo STACK ina nguvu, kwa kuwa nyuma yake kuna Maxima, programu ya aljebra inayotambua kwamba 2(x+1) na 2x+2 ni kitu kimoja.

Lengo moja, jaribio moja

"Milinganyo ya kipeo cha pili" ni pana mno kupimwa kwa mkupuo. Igawe: kutatua kwa kutafuta vigawo, kutatua kwa kukamilisha mraba, kutatua kwa kanuni, kuchagua njia inayofaa. Kozi ya wiki 14 inabeba malengo 18 hadi 24 bila taabu. Yakizidi hapo wanafunzi wanageuka wakimbiza tiki. Maswali 7 au 8 kwa kila lengo, dakika 25 hadi 30.

Swali lenye matoleo mengi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo makosa yanapozaliwa. Anayetunga kwa haraka huiagiza programu ichague namba za mlinganyo kiholela, kisha anashangaa mwanafunzi mmoja amepata majibu 2 na 3 na mwingine amepata vipeuo vya pili visivyotoka. Anza na majibu: chagua namba mbili, a na b, kati ya -9 na 9, kisha iache programu ifungue mabano ya (x-a)(x-b). Ondoa sifuri. Ondoa a=b, maana jibu linakuwa moja. Ondoa pia a=-b, kwa sababu neno la kati linatoweka na swali linakuwa rahisi kuliko ya wenzake. Baada ya kuondoa hayo yanabaki matoleo 144, yanayotosha darasa kubwa. Halafu tazama yanavyoonekana kwenye skrini: programu ikiachwa bila uangalizi huandika "x² + -3x" au "1x".

Namba nyingine huficha kosa. Tuseme mwanafunzi anatakiwa kufungua (x+a)², naye huchanganya kupandisha kwenye kipeo cha pili na kuzidisha kwa mbili. Kwa a=5 ataandika x²+10x+10 na kosa litaonekana. Kwa a=2, mbili mara mbili na mbili kwenye kipeo cha pili zote ni 4, hivyo anapata jibu sahihi kwa njia mbovu na kuendelea nayo. Namba 2 isiwemo kabisa kwenye orodha ya swali hilo.

Kwa swali hilohilo, mrejesho usiwe "si sahihi" peke yake. Makosa ya wanafunzi yanajirudia, na STACK inakuruhusu kupanga matawi ya kuyanasa, kila kosa na mrejesho wake. Akiandika x²+25, mwambie: "Umepandisha kila kimoja peke yake. Andika (x+5)(x+5), zidisha kila kilichomo bano la kwanza kwa kila kilichomo la pili, kisha uhesabu: umepata vijenzi vingapi?" Akiandika x²+5x+25, amesahau kwamba 5x inajitokeza mara mbili. Na akirudisha (x+5)² kama alivyoipokea? Mashine itaona ni sawa na jibu, kwa sababu kweli ni sawa, na itampa alama zote. Ni lazima uongeze sharti la pili: jibu liwe limefunguliwa mabano. Kosa hili la utungaji ni rahisi kulifanya, na wanafunzi huweza kuligundua kabla ya mhadhiri.

Uandishi wa alama nao unaumiza wasio na hatia. 1/2x ni nusu ya x, au ni moja chini ya 2x? x(x+1) huweza kusomwa kama kazi ya kihisabati (function) iitwayo x badala ya kuzidisha. Kuna anayeandika desimali kwa koma wakati programu inataka nukta. Fungua kozi kwa jaribio lisilo na alama, la maswali 6 ya kunakili tu maumbo yaliyoonyeshwa, mpaka mwanafunzi azoee kutazama hakikisho la jibu, yaani jinsi programu ilivyolisoma, kabla ya kuwasilisha. STACK hutenganisha jibu lisilosomeka na jibu lisilo sahihi, na la kwanza halikatiwi alama, usilizime hilo.

Kati ya jaribio la kwanza na la pili

Umahiri unajengwa katika pengo hili. Anayeshindwa akibofya "jaribu tena" dakika hiyohiyo, hajajifunza kitu zaidi ya sura ya maswali. Kwenye Moodle masharti ya kufungua hufanya kazi kwa shughuli nzima, hayafanyi kazi kwa jaribio moja ndani ya shughuli. Kwa hiyo tengeneza vitu vitatu: Jaribio A, zoezi la marekebisho lenye maswali 6 yasiyo na muda na yenye maelezo marefu, kisha Jaribio B kutoka benki ileile ya maswali. Zoezi lifunguke kwa aliyeanguka A, na B lifunguke zoezi likikamilika. Likihitajika jaribio jingine ndani ya B, weka muda wa lazima wa kusubiri, saa 24 hivi. Akianguka mara tatu, mashine imeshamaliza kazi yake. Huyo anahitaji dakika 15 na mtu, akiwa na karatasi zake za rafu.

Mambo mawili husahaulika. Alama ya kufaulu isipojazwa, sharti la "amefaulu" halifanyi kazi na milango haifunguki. Na ule mpangilio unaofanya kila jaribio liendeleze lililotangulia uzimwe, la sivyo mwanafunzi anakuta maswali yake ya jana na majibu yake yakimngoja.

Usifunge kila mlango. Funga pale mada inapotegemea iliyotangulia kweli, kama vigawo kabla ya kurahisisha sehemu za aljebra. Mada za pembeni ziache wazi, vinginevyo mtu mmoja hukwama wiki tatu mahali pamoja. Na kwa kuwa uhuru wa mwendo huzaa uahirishaji, tatizo lililojulikana tangu mfumo wa Keller, weka tarehe ya mwisho ya Jaribio A kila wiki na uache B wazi kwa wiki mbili zaidi.

Wizi, na yale mashine isiyoyaona

Kuna programu za simu zinazopiga picha swali na kutoa hatua zote. Kubadilisha namba hakuzizuii. Kinachosaidia ni kufanya jaribio moja kati ya manne kwenye maabara ya kompyuta chini ya usimamizi, likigusa malengo ya nyuma, na kulinganisha. Mwenye malengo 12 nyumbani na 3 maabara ameshajieleza. Kuchanganya ya nyuma kuna faida ya pili, kwani aliyemudu wiki ya 3 huweza kuwa amesahau wiki ya 9.

Uthibitisho, hoja na mpangilio wa kazi bado vinataka jicho la mtu. Karatasi moja ya mkono kila wiki mbili, swali moja refu, inatosha.

Baada ya kila lengo soma ripoti ya takwimu za jaribio. Swali lililopatwa na chini ya asilimia 30 lishukiwe kwanza lenyewe, kabla ya darasa: lifanye kwa mkono katika matoleo matano. Swali ambalo wazuri wanakosa na dhaifu wanapata, karibu kila mara lina jibu lililowekwa vibaya au lina umbo sahihi ambalo mfumo unalikataa. Ukilirekebisha, endesha usahihishaji upya kwa wote waliolifanya, na uwajulishe siku hiyohiyo wale ambao mlango wao umefunguka.