Mshale Unaomaliza Betri: Jinsi ya Kupunguza Matumizi ya Mita za Analogi

Mita ya mshale bado inapendwa, na inastahili. Jicho huona mara moja kama kitu kinapanda au kinashuka, kabla hujasoma namba yoyote. Tatizo huanza inapofungwa kwenye kifaa cha betri na kuachwa imewaka usiku na mchana. Wengi wanaotuletea miradi yao maabara hulalamikia betri, kumbe betri haina kosa.

Ndani ya mita kuna koili ya waya mwembamba iliyo katikati ya ncha za sumaku. Mkondo ukipita, koili hujizungusha ikishindana na springi ndogo, na mshale husimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Mkondo ukikatika, springi huurudisha kwenye sifuri. Kila dakika ambayo mshale uko juu, kuna umeme unaoushikilia.

Chukua mita ya miliampia 1, yaani mkondo unaoufikisha mshale mwisho wa skeli, yenye koili ya omu 100, inayopima betri ya volti 9 kwenye skeli ya volti 10. Itahitaji resista, kipande cha kupunguza mkondo, ya omu 9,900 iliyofungwa mfululizo na koili. Mshale ukiwa kwenye 9, mkondo ni miliampia 0.9. Betri ya alkali ya volti 9 huwa na takriban miliampia-saa 500. Ukigawanya unapata saa 555, yaani siku 23, na hapo saketi yenyewe haijatumia chochote. Tena tazama umeme huo unaishia wapi: koili inachukua sehemu 1 tu kati ya 100, na 99 zinageuka joto ndani ya resista.

Weka mita ya maikroampia 50 badala yake (maikroampia 1,000 ni miliampia 1). Jumla ya ukinzani inakuwa omu 200,000, mkondo unashuka hadi maikroampia 45, na kwa hesabu ileile betri inavuka saa 11,000, zaidi ya mwaka. Mimi huanzia hapa kabla ya ujanja mwingine wowote.

Kuna ujanja mmoja unaowapotosha wengi: kuilisha mita kwa pulsi, yaani umeme unaowashwa na kuzimwa haraka, kutoka maikrokontrola (chipu ndogo ya kompyuta), kwa imani kwamba umeme wa kukatakata ni umeme mdogo. Mshale hauwezi kufuata pulsi za haraka, kwa hiyo unaonyesha wastani wa mkondo. Ukitaka usimame palepale, wastani lazima ubaki uleule, na betri itatoa kiasi kilekile. Regyuleta ya kawaida ya kushusha volti nayo haisaidii, maana mkondo unaoingia ndio unaotoka. Inayosaidia ni ile ya kuswichi, inayoshusha volti kwa kuwasha na kuzima umeme haraka badala ya kuuchoma kama joto. Ikishusha volti 9 hadi 1.8 kwa ufanisi wa asilimia 85, miliampia 1 ya mita inaigharimu betri miliampia 0.24 hivi. Hakikisha tu kwamba mkondo inaoutumia yenyewe ikiwa imetulia ni maikroampia chache.

Kama kipimo hakihitaji kutazamwa muda wote, funga swichi ya kubonyeza. Mshale hutulia ndani ya sekunde moja au mbili. Ukibonyeza sekunde 3, mara 10 kwa siku, hiyo ni nusu dakika, na hata ile mita ya miliampia 1 haitasumbua tena. Taa ya kumulika skeli ipitishe kwenye swichi hiyohiyo, tafadhali. LED moja ya miliampia 10 huimaliza betri tuliyoitaja kwa takriban saa 50, na nimeona watu wakihangaika na mita huku taa hiyo ikiendelea kuwaka.

Mita ya maikroampia 50 ina springi laini, hivyo haipendi kutikiswa. Tumia swichi ya njia mbili ambayo, kifaa kikizimwa, huunganisha pini mbili za mita kwa waya. Koili ikisogea ndani ya sumaku huzalisha mkondo wake yenyewe, na mkondo huo huipinga isiendelee kusogea. Jaribu mkononi: itikise taratibu mita isiyounganishwa na kitu, utaona mshale ukipepea huku na huku. Unganisha pini zake, itikise tena, na mshale utasogea kwa uzito kama uko ndani ya asali.