Klipubodi ya simu ni kitu gani, na maneno yakikataa kukopika ufanyeje

Klipubodi ni pahala ndani ya simu ambapo maneno uliyokopi yanakaa kwa muda yakisubiri uyapesti. Huioni, haina ikoni yake, ndo maana watu wanaitumia kila siku na hawajui kama ipo. La kujua kubwa ni kwamba kwa kawaida inashika kitu kimoja tu. Umenunua umeme wa Tukuza, ule wa Zanzibar wa kulipia kabla, umekopi zile tarakimu 20 za tokeni umtumie mama nyumbani, kabla hujapesti ukakopi namba ya mtu, basi tokeni imeshatoka, ukipesti inakuja ile namba. Simu si mbovu, ndivyo ilivyotengenezwa.

Kukata, kukopi na kupesti tunakokujua sasa kulitokana na kazi ya Larry Tesler na Tim Mott pale Xerox PARC, kituo cha utafiti Marekani, miaka ya 1970, na ilikuwa kwa kompyuta yenye mausi. Kwenye simu mambo yakawa magumu, hata iPhone ya kwanza ya 2007 ilitoka haikopi kabisa, watu wakangoja mpaka 2009. Na mpaka leo kila apu inaamua yenyewe ikuruhusu au ikuzuie, kwa hiyo ukibana neno na halichaguliki usihangaike kubana zaidi, tafuta njia nyengine.

WhatsApp kwa mfano. Mara nyingi ukibana meseji unakopi yote nzima, na wewe unataka namba moja tu iliyo katikati. Kopi yote, ipesti kwenye chati yako mwenyewe, futa usichotaka kabla hujatuma, kisha kopi kilichobaki.

Lakini panapouma hasa ni zile orodha za mchango wa harusi au safari ya Pemba, mtu anakopi orodha anaongeza jina lake chini anapesti tena kwenye grupu. Wawili wakikopi orodha ile ile kwa wakati mmoja, anayetuma mwisho anamtoa mwenzake bila kujua, na yule katoa pesa yake kwa moyo safi jina halionekani, maneno yanaanza. Jamani tusifanyiane hivi. Shuka mpaka orodha ya mwisho kabisa, kopi, andika jina, tuma hapo hapo, usiende kuswali kwanza ndo urudi kupesti. Mie naona bora zaidi mshika fedha awe ndo pekee anayeigusa orodha, wengine wamuandikie tu.

Maneno yakiwa ndani ya picha, kama ratiba ya futari na daku au tangazo la skuli, piga skrinishoti uifungue kwa Google Lens, itakutolea maandishi uyakopi. iPhone kuanzia XS, ikiwa na mfumo wa iOS 15 au wa baadaye, inafanya yenyewe kwenye picha. Namba zihakiki moja moja lakini, sifuri na herufi O zinachanganywa sana.

Wenye Gboard, ile kibodi ya Google, washeni klipubodi yake, inaweka vitu vingi kwa saa moja hivi, na ukikipini kitu hakiondoki mpaka ukitoe mwenyewe. Na yale unayoandika kila siku hayana haja ya kukopiwa: ingia kwenye kamusi binafsi ya kibodi, weka kifupi "asw" na salamu yako kamili, ukiandika herufi hizo tatu inakuletea Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh unagusa tu.

Paswedi na namba za siri usizikopi kama unaweza kuziandika. Android 13 na kuendelea inajifutia klipubodi baada ya muda, simu za zamani haziko hivyo, kitu kinabaki pale. Kama ushaikopi, kopi neno lolote jengine ili ile itoke, na kama umewasha ile ya Gboard nenda ukaifute na huko pia.