Je, wajua? Korea iliyo gizani leo ndiyo iliyokuwa ikimwashia taa mwenzake

Huenda umeshaiona ile picha ya setilaiti ya rasi ya Korea usiku. Kusini kunameremeta pwani hadi pwani, kule juu China nayo inawaka, na katikati weusi mtupu wenye nukta moja tu, Pyongyang, mji mkuu wa Kaskazini, kama kibatari kwenye uwanja wa mpira. Asiyeijua ramani angedhani pale katikati ni bahari.

Sasa turudi Mei 14, 1948. Siku hiyo umeme ulikatika Korea Kusini, na aliyeukata ni Kaskazini. Siku nne kabla, Kusini ilikuwa imepiga kura kuchagua bunge lake peke yake, na bili za umeme zilikuwa zimeshazua ugomvi. Zaidi ya nusu ya umeme wa Kusini ulitoka upande wa pili wa mpaka. Kuziba pengo, Wamarekani walitumia meli yenye mitambo ya kuzalisha umeme, Jacona, iliyotia nanga Busan, bandari ya Kusini.

Kwa nini umeme ulirundikana upande mmoja? Milima. Kaskazini ina miinuko mirefu na mito yenye kasi, na Wajapani walioitawala Korea tangu 1910 hadi 1945 walijenga bwawa la Supung kwenye Mto Amnok, mpakani na China. Lilikuwa miongoni mwa mabwawa makubwa zaidi duniani kwa wakati wake. Umeme wa mito ya huko ndio ulioendesha viwanda kama kile cha mbolea cha Hungnam, pwani ya mashariki. Makaa ya mawe na chuma navyo viko huko. Kusini ilikuwa na tambarare za Honam, na joto la kutosha kuvuna mpunga kisha kupanda shayiri shamba lilelile. Mmoja alikuwa na karakana, mwenzake ghala la chakula.

Agosti 1945, Japani iliposhindwa vitani, maofisa wawili wa Kimarekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, waliinama usiku juu ya ramani ya jarida la National Geographic wakachagua latitudo ya 38 iwe mpaka kati ya jeshi la Marekani kusini na la Usovieti kaskazini. Nyaya za umeme zinapita wapi, ramani ile haikuonyesha.

Baada ya vita vya Korea hizo mbili, 1950 hadi 1953, Kusini ilibaki kama kisiwa: bahari pande tatu, na wa nne umefungwa kwa seng'enge na mabomu ya ardhini. Madini ya maana haikuwa nayo. Ikaanza kuuza nje ilichoweza, yakiwemo mawigi ya nywele za wanawake wake. Park Chung-hee, aliyetwaa madaraka 1961, alikuwa dikteta, tusimpambe, lakini aliisukuma nchi kwenye biashara ya baharini. Mwaka 1965 alipatana na Japani, akapata msaada wa dola milioni 300 na mkopo wa milioni 200. Sehemu ya fedha hizo ikajenga kiwanda cha chuma Pohang, kilichoanza kuyeyusha chuma 1973 kwa malighafi iliyoletwa na meli. Mchongoko, ile treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma, nayo imetengenezwa na Hyundai Rotem ya huko huko Korea Kusini.

Na Kaskazini je? Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mbele kwa viwanda. Ila ardhi yake inayolimika haifiki robo ya nchi, kwa hiyo ililima kwa mashine: pampu za kupandisha maji, mbolea ya kiwandani, matrekta, na mafuta ya bei nafuu kutoka Urusi ya Kisovieti. Usovieti ulipovunjika 1991, mafuta yakakauka. Migodi ya makaa ikajaa maji, umeme ukapungua, mbolea ikaadimika. Watu wakakata miti milimani wapate kuni na mahali pa kupanda mahindi. Mvua za 1995 zikaporomosha udongo hadi mabondeni, na njaa iliyofuata ikaua watu kwa mamia ya maelfu.

Wengine husema ni siasa tu, jiografia haihusiki. Mimi naona vinashikana. Kosa la watawala kwenye tambarare huleta hasara. Kwenye mteremko mkali huja na tope hadi mlangoni.

Umeme nao umeshageuza njia. Mwaka 2004 Wakorea hao walifungua eneo la viwanda Kaesong, ndani ya Kaskazini: mafundi wa Kaskazini, mitaji ya Kusini, na umeme wa Kusini uliovushwa mpakani kwa nguzo. Februari 2016 Kaskazini ilirusha roketi, na Seoul, yaani serikali ya Kusini, ikazima swichi. Mwishoni mwa 2024 jeshi la Kusini lilitoa picha za askari wa Kaskazini wamepanda zile nguzo, wanakata nyaya.