Monrovia ni jina la nani? Kisa cha James Monroe

Tukiwa na wageni kwenye maonyesho yetu ya historia, tukifika tu kwenye ramani ya Liberia lazima mtu aulize, hivi huu mji mkuu, Monrovia, ni jina la kabila gani? Sio kabila jamani. Ni James Monroe, rais wa 5 wa Marekani, na nimeona niieleze vizuri maana wengi wanajua tu kwamba "aliwasaidia Waafrika" halafu wanaishia hapo.

Alizaliwa Virginia 1758. Mwaka 1776 akaacha chuo akaingia jeshi la George Washington kupigana na Mwingereza. Usiku wa Krismasi mwaka huohuo wakavuka mto Delaware, barafu inaelea majini, na asubuhi wakawavamia mamluki wa Kijerumani pale mjini Trenton. Wale walikuwa wanaweka sawa mizinga 2 katikati ya barabara, Monroe na kapteni wake wakaikimbilia kabla haijamaliza watu, kapteni akaumia, Monroe akashika uongozi, naye risasi ikampata begani ikakata mshipa mkubwa wa damu. Aliyemuokoa ni daktari John Riker, raia wa kawaida aliyejiunga nao usiku uleule, huyo ndo aliubana ule mshipa mpaka damu ikakata. Risasi yenyewe alikaa nayo mwilini mpaka anakufa 1831. Siku ile alikuwa na miaka 18 tu!

Baada ya hapo siasa. Akasoma sheria kwa Thomas Jefferson, akawa seneta, akawa balozi Ufaransa, na 1803 akiwa na Robert Livingston wakalinunua lile eneo kubwa la Louisiana kwa Napoleon, mtawala wa Ufaransa, kwa dola milioni 15. Mwaka 1814 Waingereza walipokuja kuichoma ikulu yeye alikuwa waziri wa mambo ya nje, ila alipanda farasi mwenyewe akaenda kuwapeleleza, baadae akaongezewa na uwaziri wa vita. Urais alikaa 1817 mpaka 1825, na ile ya kuwaonya wafalme wa Ulaya wasilete ukoloni mpya Amerika ni ya 1823.

Sasa naomba tukae kidogo na 1800, akiwa gavana wa Virginia. Mhunzi mmoja mtumwa, Gabriel, alipanga na wenzake waingie Richmond, wamshike gavana, wadai uhuru. Mvua kubwa ikaharibu njia, siri ikatolewa, Monroe akaita mgambo. Zaidi ya 20 walinyongwa, Gabriel akiwemo. Monroe akamwandikia Jefferson kumuuliza huku kunyonga waishie wapi. Huyu ni mtu aliyebeba risasi begani kwa kudai uhuru wake, na nyumbani kwake ana watumwa. Mimi hapa huwa naumia kila nikisimulia.

Baada ya ile hofu wakubwa wa Virginia wakaanza kutafuta nchi ya mbali ya kuwapeleka watu weusi, wakawa wanaiangalia na Afrika. Mwaka 1819 bunge likatoa dola 100,000 kwa ajili ya Waafrika waliokamatwa kwenye meli za watumwa, Monroe akaitafsiri ile sheria kwa upana, na hela ikasaidia kuanzisha koloni huko Afrika, ndiyo Liberia ya leo. Mji ulianza kwa jina la Christopolis, 1824 ukaitwa Monrovia, yeye akiwa bado rais. Na pale ulipojengwa, rasi ya Mesurado, watu wa kabila la Wadei walikuwa wanaishi kabla meli yoyote ya walowezi haijafika.