Mikono ya rubani ilishachukuliwa zamani

Nikimwambia mtu kuwa mimi ni rubani, siku hizi naulizwa swali moja tu: akili mnemba itawaondoa lini? Nalipenda swali hilo, maana linagusa kitu ninachokifikiria kila ninapofunga mkanda wa kiti changu.

Kwanza tusichanganye mambo. Ndege kujiendesha si habari mpya. Mwaka 1914, Lawrence Sperry aliwaonyesha watu wa Paris ndege inayojisawazisha yenyewe huku yeye akiwa ameinua mikono juu. Mwaka 1965, ndege ya aina ya Trident ilitua kwa mtambo ikiwa na abiria. Mimi mwenyewe, katika safari ya saa nyingi, usukani naushika dakika chache tu. Kama kazi ya rubani ingekuwa ya mikono peke yake, tungekuwa tumeshaondoka.

Lakini otopailoti, yaani mtambo huo unaoiendesha ndege, si akili mnemba. Otopailoti hufuata kanuni zilizoandikwa na watu, na mhandisi anaweza kukuonyesha mstari wa programu uliosababisha ndege ikate kona. Akili mnemba hujifunza kwa mifano mingi, na ukiiuliza kwa nini imeamua hivi, hakuna mstari wa kukuonyesha. Ndege za abiria hupimwa kwa kipimo kikali mno: hitilafu inayoweza kuiangusha haitakiwi kutarajiwa hata mara moja katika saa bilioni moja za kuruka. Mwaka 2020 kampuni ya Airbus ilimaliza majaribio ambayo ndege yake ya A350 ilipaa na kutua yenyewe kwa kutazama njia ya kurukia kwa kamera. Niliipenda sana kazi ile. Ila kutua vizuri kwenye majaribio ni jambo moja, na kuthibitisha hiyo bilioni ni jambo jingine kabisa.

Sasa nije kwenye kinachoninyima usingizi. Kasi ya ndege hupimwa kwa mrija mdogo unaoitwa pitot, unaopokea msukumo wa hewa kutoka mbele. Mrija ukiziba, hewa hunaswa ndani. Ndege inapopanda, hewa ya nje inapungua uzito, iliyonaswa haibadiliki, basi kipimo kinaonyesha kasi inaongezeka wakati sivyo. Februari 1996, ndege ya Boeing 757 ya shirika la Birgenair ilipaa kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikiwa hivyo. Inadhaniwa nyigu walijenga ndani ya mrija. Otopailoti ilisoma kipimo cha kapteni, ikaona kasi imezidi, ikainua pua ili kuipunguza. Kasi halisi ikaporomoka. Walikufa watu wote 189, na muda wote ule kipimo cha rubani msaidizi kilikuwa kinasema kweli.

Sisemi mtambo peke yake ndio uliokosea. Kapteni aliona kipimo chake hakifanyi kazi wakati bado wako ardhini, akaendelea kupaa. Wanadamu tunakosea, tena vibaya. Lakini wanaonadi ndege isiyo na rubani huniambia kompyuta haichoki, nami najibu kwamba uchovu haukuwa tatizo pale. Tatizo lilikuwa kujua nani anadanganya. Hata ndege za Boeing 737 MAX, zilizoua watu 346 katika ajali mbili, mwaka 2018 na 2019, zilikuwa na mtambo ulioamini kihisi kimoja kilichokosea, na ukafanya kazi yake bila kusita.

Je, akili mnemba inaweza kufundishwa kutilia shaka? Naamini inaweza, na ningependa kuwa nayo kama sikio la tatu. Ninachokipinga ni mpango wa kumtoa rubani mmoja kati ya wawili kama hatua ya kuanzia, kwa sababu ukimtoa yeye, unaondoa ile sauti ya pembeni.

Karibuni nilikuwa kwenye simuleta, mtambo wa mazoezi unaoiga ndege, na mwalimu akaziba mrija wa upande wangu bila kunidokeza. Tulikuwa tunapanda. King'ora cha kasi kupita kiasi kikalia, na mkono wangu ukaanza kupunguza nguvu ya injini. Rubani msaidizi, binti mwenye saa chache za kuruka, akaweka kiganja chake nyuma ya mkono wangu. “Kapteni, subiri. Pua iko juu na injini ni zile zile. Kasi itaongezekaje?” Nikatazama kipimo chake, kisha kile cha akiba katikati. Vyote viwili vilikuwa vinashuka.